Msibani Iringa: mtani kaingia kaburini, kagoma kutoka. Naomba kueleweshwa

Mgeni_wa_Molo ameandika:

Habari za humu, wakuu. Mimi ni Mkenya, Mkikuyu, kwetu ni Molo, kaunti ya Nakuru. Niko Iringa kikazi, upande wa uhasibu, na ninalouliza linahusu msiba.

Mwenzangu wa ofisini alifiwa na babake mzazi, tukaenda kuzika kijijini kwao, si mbali na Kalenga. Ni Wahehe, Wakatoliki. Misiba nimeizoea, hata kwetu watu hujaa, ila mambo yetu huenda kwa karatasi. Kuna programu iliyochapishwa na picha ya marehemu juu, kuna kamati, kuna MC, historia ya marehemu inasomwa, mnazika, mnakula, mnaondoka. Huku nilikuta ratiba nyingine inaendelea ndani ya ratiba.

Kwanza alitokea mama mmoja amevaa koti la marehemu, lile zito la kijivu, na kofia yake, mkononi fimbo yake. Anaburuta mguu wa kushoto vile mzee alivyokuwa akiuburuta tangu apate kiharusi. Anakohoa kama yeye, anasimama katikati ya kikohozi kama yeye. Anapita kwenye turubai akiwafokea wafiwa: "Nani kanywa pombe yangu ya ulanzi? Nimekufa jana tu mmeshaanza kuiba?" Mjane alikuwa ameketi mkekani, hajasema neno tangu asubuhi. Alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akalia, kisha akacheka tena.

Tukaenda makaburini. Jeneza liko tayari kushushwa, mwanamume mmoja akaruka ndani ya kaburi, akalala chali, akafumba macho. Hatoki. Akasema amechimba yeye, ni chumba chake, anayetaka kupanga alipe kodi ya miezi sita. Halafu akaanza maneno. Kwamba huyu mnayemzika kawala mbwa wa kijiji kizima, waliosalia leo wanafanya sherehe. Kwamba kichwa chake kiangaliwe vizuri kisije kikabebwa na Wajerumani kama cha chifu wenu. Hapo moyo ulinipasuka. Nimeingia makumbusho ya Kalenga, nimeliona fuvu la Mkwawa, chifu wao aliyepigana na Wajerumani, najua lilivyokaa Ujerumani mpaka likarudishwa mwaka 1954, na najua si jambo dogo kwa watu hawa. Lakini watu walikuwa wanacheka huku wanatupa noti. Jamaa anazihesabu akiwa amelala, anasema hazitoshi, anarudisha ya mia tano. Katekista amesimama na kitabu chake kama mtu anayesubiri basi.

Nikamuuliza mama aliyekuwa karibu nami ni nini hiki. Akanijibu tu: "Wangoni hao. Watani wetu."

Sasa naomba mnielewe ninakotoka. Uchaguzi wa 2007 ulinikuta niko shule ya msingi Molo. Nyumba ya majirani zetu ilichomwa, na kabla ya moto yalitangulia maneno. Tuliitwa madoadoa, wengine kwekwe. Mwaka 2022, kabla ya uchaguzi mwingine, tume yetu ya uwiano ikayaweka maneno hayo kwenye orodha ya maneno ya chuki, watu wakaambiwa wasiyatamke kwenye mikutano. Kwa hiyo mimi nikisikia mtu wa kabila jingine anamtaja marehemu kwa kabila lake na chakula chake, tena akiwa ndani ya kaburi lake, mwili wangu unaanza kutafuta njia ya kutokea kabla akili haijaamua.

Nauliza hivi: hao Wangoni walialikwa? Nani anawapa ruhusa? Na mtu mwenye chuki ya kweli hawezi kujificha humo humo? Tena mwenzangu ameniambia siku ya kumaliza matanga nijiandae, "na wewe utapangiwa utani". Akacheka, akaenda zake. Sijui nijiandae vipi.

---

Kijana_wa_Same amejibu:

Karibu Tanzania dada. Shukuru ni Wahehe. Ungekwenda msiba wa Mchaga ungeona sisi Wapare tunavyodondosha sarafu karibu na jeneza. Akiwa hajafa sawasawa ataamka aiokote, na hapo tunaokoa gharama za mazishi.

---

Mtoto_wa_Machame amejibu:

Na Mpare akifa tunampigia kelele kwamba kuna kesi ya kuku mahakama ya mwanzo. Ataamka, atauza ng'ombe, ataweka wakili.

---

Mzee_wa_Peramiho amejibu:

Vijana, mgeni kauliza, hamjamjibu.

Binti yangu, salaam. Mimi ni Mngoni, asili yetu Peramiho huko Songea, ila nimezaliwa kambi ya mkonge wilayani Korogwe. Baba yangu alifika huko kama manamba, yaani kibarua wa mkataba. Hao uliowaona ni watu wangu, basi niruhusu niwasemee.

Uliuliza kama walialikwa. Mtani haalikwi. Akisikia Mhehe kafa ni wajibu wake kufika, na asipofika ndipo kuna maneno. Wewe umeandika alivyolala kaburini, umeandika alivyodai pesa, na katikati umeandika kitu ambacho naona umekipita haraka: alisema kaburi amelichimba yeye. Ulidhani ni mzaha. Nenda kamuulize mwenzako. Muulize pia nani aliosha mwili, nani alipasua kuni, nani alikesha na moto nje kwenye baridi ile ya Iringa. Utakuta wengi wao ni hao hao waliokuwa wanatukana.

Maana yake iko hapo. Mfiwa hawezi kuchimba kaburi la baba yake, mikono haina nguvu. Mtu baki hana sababu ya kulichimba. Mtani yuko katikati ya hao wawili: hajafiwa, lakini si mtu baki. Anafanya kazi chafu na nzito za msiba, na ujira wake ni mdomo wake. Ile pesa mliyomtupia ni ya kununua chumvi na pombe ya wachimbaji, haijengi nyumba.

Wazee wetu na Wahehe walipigana kati ya 1878 na 1882. Vita vya kweli, vijiji viliteketezwa pande zote, na mwisho wake hakuna aliyemmeza mwenzake. Walichoka. Watu mliouana nao mkashindwa kumalizana, mtaishi nao vipi? Hamwezi kujifanya hamkumbuki. Basi mnakumbushana kila siku, kwa sauti, mbele za watu, na kila anayekumbusha anabeba jembe. Sisi wanatuambia tulikwenda kwenye Maji Maji tukiamini risasi itakuwa maji. Ni kweli tulikwenda, na wazee wetu walinyongwa Songea mwaka 1906. Mtu mwingine akinitania kwa hilo, sitakunywa naye. Mhehe akinitania, namjibu kwa kichwa cha chifu wake, tunakunywa.

Lakini utani huu mimi nimeujulia kambini kuliko vitabuni. Pale Korogwe kila mtu alikuwa mbali na kwao. Kuna Wangoni, Wabena, Wahehe, Waha, Wamakonde, wote wamekuja kukata mkonge. Mtu akifa, barua ya Songea itachukua wiki ngapi? Maiti haingoji barua. Alikuwepo mkata mkonge mmoja, Mngoni, chumba cha pili kutoka chetu, hana mke hana ndugu. Alifariki masika, mvua haikatiki. Mzee mmoja Mhehe, fundi wa korona, ile mashine ya kusindika mkonge, alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda cha kamba akaanza kumsema maiti: mvivu wewe, umeona mvua ndiyo umekufa, kazi ya jana umemwachia nani? Mimi nilikuwa mtoto nimejibanza mlangoni. Akatafuta shati la kumvika, akakuta yote yametoboka kwa miiba ya mkonge. Akavua lake mwenyewe, la kitambaa cheupe, akamvika, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni, huku anaendelea kumtukana. Halafu akatoka kifua wazi kwenye mvua kwenda kwa msimamizi kuomba mbao za jeneza. Akanyimwa mara ya kwanza. Akarudi tena. Alipata.

Kila mwaka mwezi ule alikuwa anapalilia lile kaburi. Ukimuuliza anakwenda wapi na jembe, anasema anakwenda kumtukana Mngoni wake.

Kuhusu mwenye chuki kujificha ndani ya utani: inawezekana, na wazee walilijua hilo. Mtani hamgusi mfiwa kwa nguvu. Hataji siri ya kweli ya nyumba, wala ugonjwa wa aibu, wala mtoto wa nje ambaye watu hawamjui. Anatania kwa lile ambalo kila mtu analijua: kabila, chakula, kikohozi, ulevi wa wazi. Akivuka hapo, wanaomtoa ni watani wenzake, si wafiwa. Na upande wa pili mfiwa haruhusiwi kukasirika. Ukikasirika kwenye utani unatozwa faini, kuku au zaidi, na utachekwa mwaka mzima.

Na ruhusa si ya kila mtu. Nilikuwa Iringa mjini, kwenye kilabu, mfanyabiashara mmoja mgeni akasikia tunataniana mambo ya mbwa, naye akadandia. Meza ikanyamaza. Mhehe mmoja akamuuliza taratibu: "Wewe umemzika nani hapa?" Yule bwana akalipa bia yake akaondoka.

---

Binti_wa_Kisarawe amejibu:

Shikamoo mzee. Umeeleza vizuri, ila umeeleza utani wa zamani. Ngoja nieleze wa sasa hivi, Dar es Salaam.

Sisi Wazaramo watani wetu ni Wanyamwezi na Wasukuma. Tunaambiwa ni tangu misafara ile ya pembe za ndovu, wapagazi wakitoka Tabora kwenda Bagamoyo wanapita kwetu, wengine wanaugua wanaachwa njiani wanauguzwa kwenye nyumba zetu. Sawa. Bibi yangu alipofariki kijijini, walikuja akina mama wa Kinyamwezi wanaoishi pale miaka yote, wakashika jiko, wakaficha chungu cha mchuzi mpaka wakalipwa, tukala tukacheka. Sina tatizo na hao. Walipika kweli.

Msiba wa mjini ni mambo mengine. Anatokea mtu mnafanya naye kazi, Msukuma, hajashika hata sufuria. Anakaa mlangoni na sahani kudai hela, anapiga video ya kuweka kwenye status, anakula, anapanda bodaboda anaondoka. Kuchimba hajachimba. Kwenye kundi la michango jina lake halipo. Huyo ni mtani gani? Masheikh wetu nao wanakemea, wanasema maiti ya Kiislamu iharakishwe na iheshimiwe, kulala kaburini hakuna kwenye dini. Kwa hiyo kwetu umebaki utani wa mlangoni na jikoni, kaburini haufiki tena. Sioni ubaya wake.

La pili, na hili mzee nakuomba usilikimbie. Ofisini nilikuwa na mkubwa wangu anayenishika kiuno kila akipita. Nikisema, jibu ni "sisi si watani?" Nikinuna, naambiwa Wazaramo siku hizi mmekuwa Wazungu, utani hamuujui. Yaani sheria yenu ya kutokasirika ndiyo aliyonifungia mdomo. Tuna sheria ya makosa ya kujamiiana tangu 1998, na sijaona kifungu kinachosema isipokuwa watani. Nilihama idara. Dada wa Molo, wewe ni mgeni, ni mwanamke, uko ofisini na watu wa kila kabila. Mtu akikupangia utani, angalia mikono yake.

---

Mzee_wa_Peramiho amejibu:

Marahaba binti. Silikimbii. Mtu huyo hakuwa mtani wako, alikuwa mkubwa wako wa kazi. Mtani ni wa sawa kwa sawa. Ukimtukana naye anakutukana, ukimnyang'anya kuku naye kesho anachukua mbuzi wako. Wewe ungeweza kumshika yeye akacheka? Ungeweza kwenda mezani kwake ukala chakula chake ukamwambia Wasukuma wanakula kama wamefungiwa ghala? Kama hukuweza, hapakuwa na utani pale.

Na ya mtu kuja na sahani bila jembe, nakubaliana nawe neno kwa neno. Hata Songea wapo siku hizi.

---

Mwanachuo_Mlimani amejibu:

Nyongeza kidogo kwa anayependa historia. Mmoja wa watu wa kwanza kuuandika utani wa Tanganyika kwa kirefu alikuwa mtaalamu wa ndege. R. E. Moreau, Mwingereza, alikuwa kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, kazi yake kuchunguza ndege, lakini akachapisha makala za utani mwaka 1941 na 1944. Ukifika Amani unaelewa kwa nini: Tanga yote ilikuwa imejaa watu wa makabila ya mbali waliofuata kazi, kama alivyosema mzee.

Na si sisi peke yetu. Afrika Magharibi wanao pia, tena kwa majina ya ukoo, na Niger walipeleka utani wao UNESCO ukaorodheshwa mwaka 2014 kama urithi wa utamaduni. Kwetu nao si wa makabila tu. Waluguru wanataniana ukoo kwa ukoo ndani ya kabila moja, na karibu kila mahali babu anataniana na mjukuu, shemeji na shemeji.

Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu Tanzania hatukuwa na kilichotokea Kenya 2008. Utani ulitunza amani.

---

Mzee_wa_Peramiho amejibu:

Mwanachuo, asante kwa habari ya mtu wa ndege, sikuijua. Ila usiubebeshe utani mzigo usio wake. Amani ya nchi ina baba wengi. Kuna Kiswahili. Kuna shule za bweni ambako mtoto wa Kagera alipelekwa Mtwara, kuna Jeshi la Kujenga Taifa, na hatukuwa na kabila moja kubwa la kutisha mengine, wala ardhi haikugawanywa kama ilivyogawanywa kule Bonde la Ufa wakati wa walowezi. Ungeniambia utani ulisaidia ndugu wawili wa mtaani kutochomana visu, nakubali. Nchi ni kitu kingine. Na tukijisifu sana mbele ya mtu ambaye majirani zake walichomewa nyumba, hatumjengi.

---

Mgeni_wa_Molo ameandika:

Mzee, shikamoo, na asante. Asante pia dada wa Kisarawe, nimekuelewa sana, na mikono nitaiangalia.

Nimemuuliza mwenzangu. Ni kweli, kaburi alichimba yule jamaa na vijana wengine wawili wa Kingoni, walianza usiku na taa ya simu. Na yule mama mwenye koti ndiye aliyemtunza marehemu mchana wakati watoto wako kazini, tangu alipopata kiharusi. Ndiyo maana aliujua mguu ule vizuri hivyo.

Niseme kitu kuhusu kwetu, kwa sababu watu watafikiri Wakenya hatutaniani. Tunataniana sana. Washa televisheni usiku wowote, mchekeshaji anasimama jukwaani: Mkikuyu na pesa, Mjaluo na kujionyesha, Mluhya na ugali na kuku, Mkamba na mapenzi, ukumbi unaanguka. Wote tunacheka, na watu wa makabila hayo wamo ndani wanacheka. Lakini kwetu Molo, mtu akifa, kamati ya mazishi unaisoma majina tu unajua ni kabila gani. Wa kabila jingine anakuja na bahasha, anakaa viti vya nyuma, anatoa pole, anaondoka kabla ya chakula. Anafanya hivyo kwa heshima, si kwa ubaya. Hakuna anayemtarajia ashike sepeto. Kwa hiyo mzaha tunao, tena mwingi, ila ni wa tiketi. Unalipa mlangoni, unacheka, unarudi kwa watu wako.

Nimewaza majirani zetu wa Kikalenjin wangeruka kwenye kaburi la babu yangu wakasema Mkikuyu huyu alikuwa ananunua hata kivuli. Na kweli alikuwa ananunua kila kitu, mashamba ya watu wenye shida, kila mtu Molo alijua, na hakuna aliyewahi kulisema mbele yetu. Lilisemwa pembeni tu, miaka mingi, mpaka siku lilipotoka likatoka na kiberiti. Sijui kama lingesemwa kaburini lingebadilisha chochote. Pengine lingechochea mapema zaidi. Mzee unaonaje, utani unaweza kuanzishwa leo, au ni lazima uwe umerithiwa?

---

Kijana_wa_Same amejibu:

Sisi na nyinyi Wakenya si ni watani tayari? Kila siku tunatukanana mtandaoni, Kiswahili chenu kibovu, sisi mnatuita wazembe.

---

Mzee_wa_Peramiho amejibu:

Kijana, hayo ya Wakenya na Watanzania nayakumbuka tangu miaka ya sabini. Sisi tulikuwa tunawaita manyang'au, wao wanasema kwetu hakuna hata cha kula. Haukuwa utani ule, walikuwa wanasiasa wanachapana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa mwaka 1977, na ulifunguliwa 1983. Watu wa Namanga na Holili wenye ndugu pande zote mbili ndio walioumia. Mnayoandikiana mtandaoni leo ni mepesi zaidi, lakini nionyeshe ni nani kati yenu aliyekwenda kumzika mwenzake.

Binti yangu, kama utani unaweza kuanzishwa: ule wa kambini ulianzishwa. Yapo makabila ambayo kwao hayakuwahi kuonana, yakakutana Korogwe kwenye mkonge na kuanza kutaniana kwa sababu yalilala banda moja na kuzikana. Walioanza walianza na kazi kwanza, maneno yakafuata. Sijaona ulioanza na maneno ukafika kwenye kazi. Kuhusu Molo siwezi kukushauri, sijaishi huko, na mwenye ardhi iliyogombaniwa hawezi kuambiwa na Mngoni wa Korogwe acheke.

Kuhusu siku ya matanga naweza. Usianze wewe. Wewe bado hujapewa mtani, ukianza kutania utaulizwa lile swali la kilabuni. Subiri wakuanze. Wakikuanza, jibu papo hapo, kwa sauti, na usimtazame mwenzako kumwuliza kama umekosea. Ukiombwa pesa toa kidogo na ulalamike sana. Ukitoa nyingi kimya kimya utakuwa umewatukana kwa namna ambayo si utani. Na fika mapema, wakati kazi zinagawanywa.

---

Mgeni_wa_Molo ameandika:

Wamenipanga. Mwenzangu anasema kulikuwa na ugomvi: Wangoni hawakunitaka, wamesema wana Wahehe wa kutosha na Mkikuyu ni mzigo. Wakinga wakanidai, eti sisi ni ndugu zao waliopotea njia kutoka Makete, maana wote tunalala na pesa chini ya godoro. Kwa hiyo nakwenda upande wa Wakinga, na tumepewa viazi. Gunia zima la kumenya. Kisha nimetumiwa ujumbe kutoka kwa mtu nisiyemjua, anasema kwa kuwa mimi ni mhasibu nihesabu maganda, nisije nikayauza.

Nimemjibu kwamba maganda nimeshayauzia wateja, na yeye ndiye anadaiwa usafiri. Naona amenyamaza. Viazi vinamenywa usiku ule wa kuamkia, au alfajiri?

---

Mzee_wa_Peramiho amejibu:

Usiku, ili alfajiri moto ukiwashwa viwe tayari. Vaa sweta mbili. Kisu beba chako, na ukiweke alama, maana kikiingia mikononi mwa Mkinga hutakiona tena.